Vyeti vya Kimo katika Nchi ya Pimoni

Nilifika Pimoni nikiwa fundi cherehani mwenye miaka ishirini na mitatu kazini, na kabla ya siku kumi kupita nilikuwa nimesahau namna ya kushona kishimo cha kifungo. Naandika upesi, msisimko ukiwa bado moto kifuani, kwa sababu kila ninayemsimulia kwa mdomo huniuliza kama kule nilishikwa na homa. Sikushikwa na homa. Nilikuwa na mkasi, cherehani, na kazi ya kushona sare mia nne za siku ya kufunguliwa daraja jipya la kamba juu ya Korongo la Gongwe. Nitaeleza niliyoyaona, basi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni migongo. Njia kuu ya mji ni pana na safi, na asubuhi ile ilijaa watu waendao kazini, karibu wote wameinama. Vijana wenye nguvu zao walitembea kama watu waliodondosha sindano. Nilidhani nchi imepatwa na msiba mkubwa, nikamuuliza mwanamke aliyetumwa na kiwanda cha kamba kunipokea, nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki, dada," akanijibu, naye ameinama. "Leo Jumatano. Watu wanakwenda kazini."

Huyo ndiye Somoe, fundi wa kusokota kamba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye vidole virefu na sauti ndogo. Nilipangiwa kulala nyumbani kwake. Njiani alimkanyaga mbuzi mguu akamwomba radhi, nikacheka nikidhani ni mzaha. Tulipofika kwake akajigonga kwenye meza, akaiomba meza radhi pia. Sikucheka tena.

Jioni hiyo, tukila wali na kisamvu, alinieleza Sheria ya Vimo. Kila Ijumaa asubuhi bosi wa kila mahali pa kazi hukaa kwenye jukwaa, na wafanyakazi wake hupita mbele yake mmoja mmoja. Hashiki kipimo chochote. Humtazama mtu, hukumbuka wiki ilivyokwenda, nani alicheka alipotania na nani hakucheka, kisha hutaja namba. Karani huiandika kwenye cheti. Kuanzia hapo mpaka Ijumaa nyingine, hicho ndicho kimo cha mtu huyo kisheria, na mwili wake lazima ukifuate. Kila kiwanda kina milango saba iliyopangwa kwa urefu, na mtu huingilia mlango wa cheti chake. Viti navyo hufuata vyeti. Na zaidi ya yote, mwenye kimo kidogo haruhusiwi kumsemesha anayemzidi kwa shibiri nzima, mpaka aulizwe.

Mtu mzima wa Pimoni ana shibiri saba hivi, kama mtu mzima wa popote. Cheti cha Somoe kilisema tano.

"Na bosi wako je?"

"Bwana Msellem? Tisa."

"Tisa! Mtu wa shibiri tisa si atagonga dari?"

"Ndiyo maana tunamheshimu," alisema, bila kutabasamu hata kidogo.

Nikauliza mabosi wanapimwa na nani. Akaniambia wanapimana wenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Kisha nikauliza swali ambalo labda sikupaswa kuliuliza nikiwa mgeni wa siku moja. Nilimuuliza yeye alifikaje kwenye tano. Somoe aliokota punje moja ya wali kwenye mkeka, akaiweka pembeni mwa sahani.

Miaka miwili nyuma alikuwa na saba kamili. Watu wa Pimoni walikuwa wakitumia siku tatu kulizunguka Korongo la Gongwe ili kuwafikia ndugu zao wa ng'ambo, na hapakuwa na kamba duniani iliyoweza kubeba daraja la upana ule. Somoe akakaa miezi minane akijaribu, mpaka akapata msokoto wa nyuzi saba zinazozunguka moyo mmoja wa katani. Akamwonyesha Bwana Msellem. Bwana Msellem akafurahi sana. Ijumaa iliyofuata alisimama jukwaani akatangaza kwamba msokoto wa nyuzi saba umebuniwa na mpwa wake, kijana aliyekuwa na siku kumi na moja kiwandani.

"Nilinyoosha mkono," Somoe akasema. "Nikasema, samahani bwana, ule msokoto ni wangu. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia karani, sita. Ijumaa ya pili nikapewa tano na nusu, kwa kosa la kununa. Baadaye tano."

"Na wewe ukakubali?"

"Nifanyeje, dada Arafa? Halafu nimekuja kufikiri, labda kweli haukuwa wangu. Labda niliuona kwa mtu nikasahau. Mtu wa shibiri tano hawezi kubuni msokoto kama ule."

Kijiko kilinitoka mkononi. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka kwamba mimi ni mgeni.

*

Kesho yake, katika karakana ya kiwanda, nilianza kupima watu kwa ajili ya sare. Nina tepu yangu, niliyoichora alama za shibiri kwa wino ili nisichanganyikiwe na vipimo vya kule. Lakini nampimaje mtu aliyepinda? Nikawaambia wafanyakazi walale chali juu ya meza yangu ndefu ya kukatia vitambaa. Wa kwanza alikuwa Somoe. Alipolaza mgongo, nilisikia ukialika, ka, ka, ka, akapiga ukelele mdogo halafu akacheka kwa mshangao. Nikapima kisigino hadi utosini.

"Saba na vidole viwili," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Umekosea. Pima tena."

Nikapima tena. Saba na vidole viwili.

"Fundi, usinitanie."

"Sikutanii. Shika mwenyewe upande huu."

Alishika, akaangalia. Akashuka mezani haraka kama aliyeungua, akainama palepale mpaka kwenye tano yake, akaniomba nisimwambie mtu. Nilimwahidi. Siku ile nilipima watu thelathini na wawili. Wote, kila mmoja wao, walikuwa warefu kuliko vyeti vyao.

Kwenye karakana hiyo alikuwapo Vuai, mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mwenye mikono myepesi kuliko wote. Cheti chake kilisema nne, kimo cha chini kabisa anachoweza kupewa mtu mzima. Alifanya kazi akipiga mluzi, na ndiye mtu pekee aliyenichekesha kule. Nilimuuliza mbona anasokota nyuzi bila kuziangalia.

"Wamenipima nusu mtu, fundi," akasema. "Mimi nawapa nusu kazi. Si tumeelewana?"

Nikacheka mpaka machozi. Laiti ningejua.

Niliona na jambo lingine ambalo halikunichekesha. Chini ya Somoe walikuwapo wanawake watatu wa kuchambua katani, wenye vyeti vya nne na nusu. Mmoja alimuuliza kama uzi fulani unafaa. Somoe, yule aliyemwomba radhi mbuzi, akageuka akasema kwa sauti kavu ya Bwana Msellem, "Nani kakuuliza?" Yule mama akanywea. Somoe naye alibaki ameduwaa, kama mtu aliyesikia sauti ikitoka kwenye pipa tupu.

*

Ijumaa nilialikwa kwenye Baraza, kwani siku hiyo walikuwa na mjadala wa wazi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mwinchande, Mpimaji Mkuu wa nchi, mwenye cheti cha kumi. Hoja iliyoletwa ni hii: kazi zimezorota, watu hawaleti mawazo mapya, tena wana migongo mibaya. Chanzo ni nini?

Msemaji wa kwanza alisema chanzo ni mihogo. Alitoa takwimu. Wa pili alisema watu wa Pimoni wana asili ya kuangalia chini, na akaomba tabia hiyo ilindwe kama urithi wa taifa. Wa tatu, aliyepigiwa makofi kuliko wote, alisema tatizo ni milango: ile mifupi bado ni mirefu mno, kwa hiyo watu hawajapata nafasi ya kuzoea. Baraza likaazimia kila mlango upunguzwe kidole kimoja.

Ndipo Bwana Mwinchande aliponiona. "Tunaye mgeni, fundi wa sare. Mama, kazi inaendaje?"

Nilikuwa nimeahidi kutomtaja Somoe, wala sikumtaja. Nilisema tu kwamba nimepima watu thelathini na wawili wakiwa wamelala chali, na hakuna hata mmoja aliyelingana na cheti chake, wote wamezidi, wengine kwa shibiri mbili na zaidi. Nikasema kwa maoni yangu ya kifundi hakuna haja ya kuisumbua mihogo.

Bwana Mwinchande akaomba aione tepu yangu. Aliinusa. Aliikunjua, akaikunja, akamuuliza katibu kama kuna chombo cha namna hiyo kwenye orodha ya vyombo vinavyotambulika. Hakikuwamo. Tepu yangu ikatiwa ndani ya bahasha, ikapigwa muhuri wa nta, ikafungiwa kabatini kama chombo cha uchochezi. Na kwa kuwa mimi nami nilikuwa mfanyakazi wa muda wa kiwanda cha kamba, Bwana Msellem akaagizwa anipime papo hapo.

Alikuwa mtu wa makamo, amevaa kanzu ndefu iliyofagia sakafu, akitembea polepole kwa hatua za kupima. Alisimama juu yangu kama mnara. Sikuona chuki usoni mwake. Niliona uchovu.

"Tano," akasema.

Nimeshona mavazi ya maharusi wasiohesabika. Nimewahi kumshonea mtu suti kwa kumwangalia tu akivuka barabara. Nilijiambia kwamba tano yao ni upuuzi wa kuchekesha, nikaenda zangu. Lakini Jumamosi niliingia karakana kwa mlango wa shibiri tano, na mtu akiingia mara nne kwa siku ameinama, shingo huanza kushika njia hiyo yenyewe. Jumapili nilifumua kola niliyoishona vizuri. Jumatatu msimamizi wa karakana alipita bila kuitika salamu yangu, nikajiuliza nimemkosea nini. Jumanne nilimpelekea Somoe shati, nikamuuliza, "Hebu niangalizie, kishimo hiki cha kifungo kimenyooka?" Naye akasema hajui, mimi ndiye fundi. Nikasema hata mimi sijui. Tukakaa tukilitazama lile shati, wanawake wazima wawili, kila mmoja akimwogopa mwenzake asije akawa na hakika.

Sare zote nilikuwa nimezikata kwa vimo halisi, wale ambao sikuwahi kuwapima nikiwakadiria kwa macho. Niliamriwa nizipunguze zifuate vyeti. Nilizipunguza. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*

Siku ya daraja ilikuwa Alhamisi. Tangu alfajiri ngoma zililia mji mzima, na watu walikuwa wakiteremka kwenda korongoni na bendera. Upande wa pili ndugu zao wa ng'ambo walikuwa wamejaa, wakipunga vitambaa, wadogo kama sisimizi kwa umbali. Wengine walikuwa hawajaonana kwa miaka. Ratiba ilikuwa hivi: watapita kwanza wakubwa kwa mpangilio wa vimo, Bwana Msellem akiongoza kwa heshima ya kiwanda chake, kisha wafanyakazi mia nne katika sare zao, kisha kila mtu.

Mimi na Somoe tulikuwa karakana tukipiga pasi sare za mwisho. Vuai akaingia. Hakuwa akipiga mluzi.

"Dada Somoe," akasema, "kamba ya tatu, upande wa mashariki. Moyo wake ni katani iliyooza."

Somoe akaweka pasi chini. "Unajuaje?"

"Niliutia mimi."

Kisha akaeleza, akiwa ameshika ukingo wa meza. Mama yake alifariki wakati wa mvua. Pimoni siku za kufiwa hutolewa kwa kimo: mwenye tisa hupewa wiki mbili, mwenye saba siku nne. Mwenye nne hupewa nusu asubuhi.

"Nilimzika mama yangu mbiombio kama mtu anayeficha kitu. Nikarudi na udongo wa kaburi kwenye kucha. Msimamizi akanionyesha kamba, akasema, sokota. Kulikuwa na fungu la katani mbovu pale chini, la kutupwa. Nikaisokota hiyo. Nikasema moyoni, na nyie pateni nusu." Alijipangusa uso kwa kiwiko. "Nilidhani itagunduliwa. Lakini hakuna aliyekagua. Mwenye nne hakaguliwi, maana hategemewi kufanya lolote."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani, nami nina nne? Halafu, dada, wakubwa ndio wanaopita mwanzo. Waache wapite."

Ngoma zilikuwa zinakaribia korongoni. Nitasema kweli: nilimwona Bwana Msellem kwa macho ya akili akianguka na kanzu yake imefunuka kama mwavuli, na nikaona raha. Nilimgeukia Somoe nikitumaini kwamba ataamua mtu mwingine, si mimi.

Somoe alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinajisokota hewani, kimoja juu ya kingine, kama vinahesabu nyuzi.

"Ile kamba ni ya nyuzi saba," akasema taratibu. "Ule msokoto ni wangu." Akafumbua macho. "Ule msokoto ni wangu, Vuai! Miezi minane sikulala vizuri kwa ajili yake. Hautamwua mtu. Hata yule."

Akachomoa kisu chake cha kazi kwenye mkanda, akatoka mbio.

Sijawahi kukimbia namna ile tangu nilipokuwa msichana. Vuai alinipita, mimi nikafuata na kitambaa cha pasi mkononi, tukateremka kati ya bendera na wauza miwa, watu wakitupisha kwa sababu hawajawahi kuwaona watu wa tano na nne wakikimbia. Mbele ya daraja walikuwa wamejenga milango saba ya mapambo. Foleni ya mlango wa tano ilikuwa ndefu mno. Somoe hakuitazama. Akaingilia ule wa shibiri tisa, uliokuwa mtupu.

"Cheti!" askari akapiga kelele. Somoe alikwisha kupita.

Bwana Msellem alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya ubao wa kwanza. Mikono yote ilikuwa inapiga makofi.

"Simameni!" Somoe akapaza sauti. "Bwana Msellem, usipite! Kamba ya tatu mbovu!"

Makofi yakafifia. Bwana Mwinchande, aliyesimama na mkasi wa utepe, akainua uso. "Nani kasema?"

"Somoe wa kiwanda cha kamba," karani akajibu.

"Kimo?"

Karani akafunua daftari. "Tano, Mheshimiwa."

"Na aliulizwa?"

"Hakuulizwa."

"Basi halijasemwa," Bwana Mwinchande akatangaza. "Endeleeni."

Na wakaendelea! Mbele ya macho yangu wakaendelea. Bwana Msellem aliweka mguu wa pili, akatembea hatua ya tatu, ya tano, ya kumi. Somoe akaruka kamba ya kuzuia watu, akafika kwenye nguzo ya mashariki, akakata kwa kisu uzi uliofunga ncha ya kamba ya tatu, ile iliyoning'inia nje ya fundo. Nyuzi za ncha zikafunguka, na kutoka katikati yake ukamwagika unga. Unga wa kahawia, kama wa mti ulioliwa na mchwa. Upepo ukautawanya juu ya vifua vya wakubwa. Kimo cha ule unga hakuna aliyekiuliza. Kila mtu aliuona.

Kamba ikatoa mlio. Daraja likainama upande. Watu wakapiga mayowe, waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma kwa kusukumana, na Bwana Msellem akabaki peke yake hatua ishirini ndani, amekumbatia kamba ya mkono. Alijaribu kugeuka, hakuweza. Mguu wake ulikuwa umenasa kati ya mbao.

Nilimwona Somoe akimtazama. Ilikuwa muda mfupi sana, labda pumzi mbili, na ndani ya pumzi hizo mbili kulikuwa na miaka miwili yote. Kisha akapanda darajani.

Huwezi kutembea umeinama juu ya daraja linaloyumba, utaanguka. Alinyooka. Hatua kwa hatua alinyooka, akishika kamba huku na huku, mpaka akawa mwanamke mrefu amesimama juu ya korongo, na sisi mia nne nyuma yake tukapumua kwa pamoja.

"Vua viatu, bwana!" akasema.

"Siwezi!"

"Vua! Daraja linakwenda!"

Bwana Msellem akapandisha kanzu. Chini yake vilikuwapo viatu vya mbao, visigino vyake virefu karibu shibiri mbili, vimefungwa na mikanda ya ngozi hadi magotini. Alihangaika na mikanda, Somoe akaikata kwa kisu. Bwana Msellem akatoka ndani ya viatu vile kama mtu anayeshuka ngazi. Peku, alimfikia Somoe sikioni. Somoe akamshika kiuno, wakarudi wakikimbia, na waliposhika ardhi tu ile kamba ikakatika kwa mshindo, mbao zikaporomoka moja baada ya nyingine, na vile viatu vikaenda chini navyo.

*

Baraza lilikutana mchana ule ule, nje, kwa kuwa hakuna ukumbi ambao ungetosha watu wote. Kabla hajatajwa, Vuai alitoka mbele.

"Niliyeharibu kamba ni mimi," akasema, akaeleza yote, mama yake na nusu asubuhi. Hakujitetea. Alisema angeweza kuua watu, na kwamba hilo litamkosesha usingizi maisha yake yote.

Bwana Mwinchande alishauriana na katibu. "Adhabu ya kuharibu mali ni kupunguzwa shibiri moja. Mshitakiwa anatoka nne kwenda tatu."

"Mheshimiwa," karani akanong'ona, lakini palikuwa kimya na wote tulisikia, "tatu ni kimo cha mtoto anayenyonya."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Yule mama wa katani aliyekaripiwa na Somoe, ndiye. Kicheko kikamrukia jirani yake, kikaenda, kikarudi, kikajaa uwanja mzima, na watu wanapocheka kwa nguvu vichwa hurudi nyuma. Nilisikia migongo ikialika kila upande, ka, ka, ka, kama kuni kavu motoni. Bwana Mwinchande aligonga meza, hakusikika.

Aliyewanyamazisha ni Bwana Msellem. Alikuwa amekaa chini, peku, miguu imemvimba. Alisimama.

"Nusu asubuhi ile nilimpa mimi," akasema. "Msokoto wa nyuzi saba ni wa Somoe. Mpwa wangu hajui hata kufunga fundo." Akasita. "Miaka kumi na tisa nimevaa vile viatu. Kila siku nilikuwa naogopa kwamba mtu atatazama chini. Mtu anayeogopa hivyo hupenda wenzake watazame chini kwa aibu yao wenyewe, wasiione yake."

Siwezi kusema alisamehewa. Wengine walimzomea, na Somoe hakumpa mkono. Lakini alisikilizwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wafanyakazi walipita mbele ya majukwaa kama kawaida, na kila bosi alipofungua mdomo kutaja namba, aliyesimama mbele yake alisema, "Nipime, bwana. Nipime kweli." Kiwanda cha kamba kilianza, mpaka saa sita ilikuwa mji mzima. Hakuna aliyevunja kitu wala kumtukana mtu. Walisimama tu wakingoja kupimwa. Adhuhuri Baraza lilifungua kabati na kukata muhuri wa nta wa bahasha yenye tepu yangu, na Sheria ya Vimo ikasimamishwa mpaka hapo itakapochunguzwa. Bwana Mwinchande alijiuzulu kwa barua ya kurasa kumi na nne. Nasikia sasa anapima mvua.

Nisije nikawadanganya kwamba yote yalinyooka. Wako waliobaki wameinama, wengine kwa mazoea, wengine kwa kutoamini. Milango mifupi ilipobomolewa, niliona mwanamume mmoja akiinamisha kichwa kila alipopita pale ilipokuwa. Somoe alikwenda kwa wale wanawake watatu wa katani, akakaa nao chini akawaomba radhi, na safari hii haikuwa radhi ya kuiomba meza. Mmoja alimkubalia, wawili walisema watafikiri. Mimi nilizifumua sare zote nikateremsha mapindo. Nilitoboa vishimo vya vifungo elfu moja na mia sita bila kumuuliza mtu.

Kuhusu Vuai, Baraza lilimwachia Somoe aamue, kwa kuwa kamba ilikuwa yake. Wengi walitaka afukuzwe nchini.

"Ataisokota upya," Somoe akasema. "Kuanzia uzi wa kwanza, nami nitakagua kila dhiraa. Lakini kwanza aende akamalize msiba wa mama yake. Siku nne, kama watu wote."

Alikwenda. Aliporudi alikuwa amenyoa ndevu na amekonda. Alisokota kwa wiki tatu, macho yake kwenye nyuzi, na Somoe akapita nyuma yake akibonyeza, akivuta, akinusa, mara nyingine akisema fungua, rudia. Vuai akafungua, akarudia. Siku ya mwisho Somoe alibonyeza dhiraa ya mwisho, akasema, "Hii ni nzuri kuliko yangu." Vuai akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Daraja lilifunguliwa bila jukwaa. Ilipofika saa ya kupita, hakuna aliyejua nani aanze, watu wakawa wanatazamana. Vuai akatoka kwenye kundi, mrefu katika sare yake, akatembea peke yake mpaka katikati ya korongo. Pale akasimama. Kisha akaruka, miguu yote miwili kwa pamoja, kwa nguvu zake zote. Daraja likatikisika. Mtu karibu yangu akafunika macho. Akaruka tena. Akaruka mara ya tatu, juu zaidi, kamba zikavuma kama ngoma kubwa na hazikutetereka, na kutoka kule katikati tukamsikia akicheka na kupaza sauti kwa pande zote mbili:

"Nimeisokota mimi! Piteni!"

Ng'ambo wakaanza kukimbia. Na sisi tukakimbia.